Nani Kasema Wanachama Wamelala?

Kuna neno moja ambalo nimelisikia mno katika mikutano ya wasomi, hata masikio yangu yameota sugu. Neno lenyewe ni "mwamko". Mwenyekiti husimama, hukohoa kidogo, hutazama viti vitupu vilivyo nyuma ya ukumbi, kisha husema kwa masikitiko kwamba tatizo la chama chetu ni wanachama kukosa mwamko. Ada hawalipi, barua hawajibu, mikutanoni hawafiki, na wakifika hawasemi. Wale wachache waliofika hutikisa vichwa kukubali, kana kwamba wanaosemwa ni watu wa nchi nyingine. Baada ya hapo hupendekezwa semina ya kuwaamsha wanachama, na semina hiyo huombewa fedha kwa wafadhili.

Mimi nasema huo ni uzushi. Nasema hivyo nikiwa mtu wa miaka sabini na ushei, niliyeanza kufundisha mwaka 1972, nikawa mkufunzi, kisha mkuu wa chuo cha ualimu hadi nilipostaafu mwaka 2010. Nimekuwa mwanachama wa vyama vya kitaaluma vitano, vya walimu wa vyuo na vya masomo mbalimbali. Viwili vimekufa, kimoja hakijulikani kama ki hai au la, na viwili bado vinaniandikia nilipe ada. Kwa hiyo siyasemi haya kwa kusimuliwa. Wanachama hawajalala. Wamefungiwa nje, na aliyefunga mlango ndiye huyo huyo anayelalamika kwamba nyumba haina watu.

Msomaji atataka ushahidi, na ana haki. Basi na tuanze na misiba. Miaka michache iliyopita alifariki mkufunzi mwenzetu, mtu wa Hisabati, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwao upande wa Newala. Habari zilitufikia alfajiri. Ilipofika adhuhuri kamati ilikwisha kuundwa, mweka hazina alikwisha kupatikana, na orodha ya michango ilikuwa ikitembea kwenye simu: jina, kiasi, jumla. Kila aliyetuma alijiona pale baada ya dakika chache. Aliyetuma elfu tano aliandikwa elfu tano na wala hakuonewa haya. Siku ya pili fedha zilikuwa zimetosha gari, chakula na mkono wa pole kwa mjane. Wawili walijitolea kusafiri kwa niaba yetu, mmoja akaandika wasifu wa marehemu, mwingine, ambaye sikumsikia akisema neno mkutanoni kwa miaka kumi, akatafuta picha za zamani na kuzipeleka zikasafishwe. Baada ya maziko ikaletwa taarifa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na nani kakabidhiwa. Siku hiyo hiyo kamati ikavunjwa.

Niliipitia ile orodha ya waliochanga kwa makini, maana ualimu hauishi mtu mwilini. Karibu wote walikuwa wanachama wa chama chetu cha kitaaluma, ambacho miezi miwili nyuma mwenyekiti wake alitangaza kwamba wanachama wake hawana mwamko. Watu ni wale wale, simu ni zile zile, na mifuko ni ile ile iliyotoboka.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba msiba ni jambo la huruma na taaluma ni jambo la akili, na kwamba si haki kuvilinganisha. Hilo ni jibu la haraka. Huruma humtoa mtu machozi, lakini haimfanyi atume fedha kwa mweka hazina asiyemwamini. Tazameni yaliyofanyika katika siku zile tatu. Kazi ilijulikana, na mwisho wake ulijulikana. Fedha zilionekana zikiingia na zikitoka. Kila mtu aliambiwa afanye nini, au alijitwalia kazi bila kungoja ruhusa. Aliyeongoza aliongoza kwa sababu kulikuwa na jambo la kuongoza, na lilipokwisha akarudi kukaa na wenzake. Hakuna aliyeomba aongezewe kipindi.

Sasa weka hayo kando ya kongamano la mwaka la chama cha wasomi, nami nitalieleza kama nilivyoliona si mara moja. Mgeni rasmi anangojwa saa mbili na nusu. Katika muda huo wahadhiri wenye shahada za uzamivu wanakaa kimya kama watoto wa darasa la kwanza wanaongoja uji. Mgeni anafika, anasoma hotuba aliyoandikiwa na viongozi wa chama wenyewe, ambamo anawapongeza viongozi wa chama. Picha zinapigwa. Kisha zinaanza kusomwa makala, watu sita katika saa moja, kila mmoja akiharakishwa, na muda wa maswali unaliwa na chai. Siku ya pili jioni, wakati walio mbali wanaulizana habari za basi, ndipo unaitwa mkutano mkuu wa mwaka. Yatokanayo hayasomwi kwa sababu mihtasari haikuchapwa. Taarifa ya fedha "itatumwa baadaye kwa sababu ya ufinyu wa muda". Uchaguzi nao unamalizwa na sauti moja kutoka mbele: "Napendekeza viongozi waliopo waendelee." Makofi. Yote yamechukua dakika ishirini na tano, na katika hizo mwenyekiti alitumia kumi kulaumu ukosefu wa mwamko.

Mkufunzi aliyetoka Mpwapwa au Kleruu kwa nauli yake mwenyewe, akalipa na ada ya kongamano, amepata nini pale? Fulana, mkoba wenye nembo, na cheti cha ushiriki. Mwaka unaofuata asipokuja tunasema amelala. Mimi nasema huyo ndiye aliyeamka.

Vyama vyetu havikuzaliwa hivi. Mwaka 1922, pale Tanga, Martin Kayamba na wenziwe, makarani na walimu, waliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Hawakuwa na mfadhili wala mgeni rasmi. Walikuwa watu wachache wenye mishahara midogo na haja kubwa ya kukaa pamoja. Mwaka 1929 ikaanzishwa African Association mjini Dar es Salaam, na walimu walikuwa ndani yake tangu siku za mwanzo, wakaipeleka mikoani kila walipohamishwa. Chama hicho ndicho kilichokuja kuitwa TAA. Mwaka 1953 kilimchagua mwalimu wa shule ya Pugu awe rais wake, na tarehe 7 Julai 1954 kikageuka kuwa TANU. Sisemi kila chama cha wakufunzi wa Jiografia kilete uhuru wa nchi. Nasema tu kwamba mwalimu Mwafrika, asiye na simu wala gari, aliweza kuendesha chama kwa barua na kwa miguu, na asiambiwe kwamba hana mwamko.

Kilichotuharibu kina tarehe zake. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, vyama vya wafanyakazi vilivunjwa vikawekwa pamoja katika NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais wa nchi. Mwaka 1978 ikawa JUWATA, mojawapo ya jumuiya za Chama. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, pamoja na KNCU ya Kilimanjaro iliyokuwapo tangu 1933. Wakulima waliojenga vyama kwa kahawa yao na pamba yao waliamka asubuhi wakaambiwa havipo. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha, lakini vilirudishwa kwa tangazo kama vilivyoondolewa kwa tangazo. Sina nia ya kuwatukana waliofanya hayo. Wengi wao nawaheshimu, na walikuwa na sababu zao, nyingine nzito. Lakini kizazi kizima, nami ni wa kizazi hicho, kilifunzwa kwamba chama ni kitu kinachotoka juu, ada ni kitu kinachokatwa kwenye mshahara kabla hujauona, na kiongozi ni mtu anayeletwa. Baadaye tulipopewa ruhusa ya kuunda vyama vyetu wenyewe, tuliviunda kwa sura ile ile tuliyoizoea. Tulichokitoa ni picha ya kiongozi wa kitaifa ukutani, tukaweka ya mwenyekiti wetu.

Hata hivyo, kuna mwaka mmoja ninaoukumbuka kwa fahari ingawa mimi sikuwamo. Mwaka 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini zilikutana zikapitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Ulikuwa mwaka mbaya. Mishahara ilikuwa imeliwa na bei, maktaba zilikuwa na rafu kuliko vitabu, na mwezi Mei Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa. Novemba ya mwaka huo huo, Kampala, wasomi wa Afrika wakapitisha azimio lao la aina hiyo chini ya CODESRIA. Watu hao hawakukusanywa na vyeti vya ushiriki. Walikusanywa na jambo lililokuwa likiwachoma. Walidai haki zao, lakini wakaandika na wajibu wao katika karatasi ile ile, jambo ambalo vyama vya siku hizi ni nadra kulifanya.

Na leo je, hakuna la kutuchoma? Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Kwa mkufunzi wa chuo cha ualimu hilo si jambo dogo, kwa maana yeye ndiye anayemwandaa mwalimu atakayeingia na mtaala huo darasani. Anahitaji kukaa na wenzake waulizane: sehemu hii tunaifundishaje, vitabu vya zamani vinafaa kiasi gani, mwanachuo akienda kwenye mazoezi ya kufundisha akakuta shule haina kifaa hata kimoja afanye nini, na wapi mtaala wenyewe umekosea. Kwa nini chama kipo kama si kwa hayo? Nilikwenda kwa makusudi kutafuta chama changu kimesema nini. Nilikuta tamko moja la kuipongeza wizara, lenye nembo nzuri ya rangi, lililotiwa sahihi na mwenyekiti na katibu. Hakuna mkufunzi niliyemuuliza aliyekuwa ameulizwa maoni yake. Wakati huo huo wakufunzi vijana wanne ninaowafahamu, wa vyuo vinne mbalimbali, walikuwa wakipigiana simu usiku kusaidiana maandalio ya masomo. Hicho ndicho chama, msomaji, isipokuwa hakina nembo.

Tulikuwa nacho cha aina hiyo katika miaka ya themanini, nacho hakikusajiliwa kokote. Tulikuwa wakufunzi wa Kiswahili wa vyuo vitatu. Karatasi ilikuwa adimu kuliko sukari. Tulikubaliana kwamba kila muhula kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya somo lililomshinda, akizingatia kwamba ni lililomshinda wala si lililomwendea vizuri. Kurasa zilikusanywa, zikapigwa chapa kwenye stensili, zikarudufiwa na kutumwa kwa mwenye lori yeyote aliyekuwa akielekea huko. Sharti lilikuwa moja: asiyeandika ukurasa hapati kijarida. Hatukuwa na mwenyekiti. Mkusanyaji alibadilika kila muhula, na aliyekuwa na zamu alijulikana kwa wino uliomganda vidoleni. Kijarida kile kilidumu miaka sita, na kilikufa kwa sababu ya uhamisho wala si kwa sababu ya usingizi. Nakala zake chache ninazo hadi leo, na humo mna maswali ya ufundishaji wa ngeli ambayo sijaona yakijibiwa vizuri na kitabu chochote.

Haki inanidai niseme upande wa pili. Wako viongozi wanaofanya kazi peke yao mpaka wanaugua. Namfahamu katibu mmoja aliyelipa kodi ya ofisi ya chama kwa mshahara wake, akaandika barua zote, akapanga viti, akapokea wageni kituo cha basi, na hakupata hata asante. Mtu huyo hastahili kutukanwa. Lakini hata yeye nilimuuliza, maana alikuwa mwanafunzi wangu zamani.

"Shikamoo Mwalimu," alinianza kwenye simu, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Marahaba, mwanangu. Kazi hizi zote, umempa nani hata moja?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, ukimpa mtu ataiharibu. Nafuu nifanye mwenyewe."

Hapo ndipo penye kidonda. Yeye anaona anajitolea, na kweli anajitolea, lakini wanachama mia mbili wamegeuzwa wageni katika nyumba yao. Mwalimu yeyote anajua kwamba ukimfanyia mwanafunzi hesabu zote ubaoni hatajua hesabu, atajua kunakili. Aharibu mara ya kwanza, umsahihishe, arudie. Tunawafundisha hivyo watoto wa miaka saba, kisha tunawanyima nafasi hiyo watu wenye shahada mbili.

Na wako wengine ambao si wa kuhurumiwa. Hao wanakihitaji chama kwenye wasifu wao tu. Uenyekiti huandikwa juu kabisa, hufungua milango ya safari na kamati, na kazi yake ni kuutunza usitoke. Utawatambua kwa alama moja: hawapendi kujua wanachama ni wangapi. Muulize katibu wa chama kama hicho idadi ya wanachama hai, atakwambia "ni wengi, nchi nzima". Orodha haipo, kwa kuwa orodha ndiyo inayohesabu akidi, na akidi ndiyo inayoweza kumwondoa mtu.

Siku hizi tumeambiwa dawa ni simu. Kila chama kina kundi la WhatsApp. Vizuri, mimi si adui wa simu, na rambirambi nilizozieleza zilipita humo humo. Lakini nimo katika kundi moja la wasomi ambalo wanaoruhusiwa kuandika ni viongozi peke yao. Sisi wengine tunasoma. Kila Jumatatu tunapokea picha ya mwenyekiti akiwa mahali fulani na mtu fulani, na mara moja kwa mwezi kikumbusho cha ada. Waliofunga midomo yetu kwa kubonyeza kitufe ndio hao wanaouliza mbona tumenyamaza.

Jambo jingine husemwa kwa chini chini, nami nitalisema wazi. Vyama vingi vinavyojiita vya elimu ya juu ni vya ngazi. Maprofesa hukaa safu ya mbele, wahadhiri katikati, na mkufunzi wa chuo cha ualimu hukaa nyuma karibu na mlango. Anaitwa ili viti vijae na idadi ipendeze katika ripoti. Makala yake, ikiwa ameleta, huwekwa saa nane na nusu mchana watu wakisinzia. Nimeshuhudia mkufunzi mwanamke, aliyefundisha watoto wasioona kwa zaidi ya miaka ishirini, akikatizwa na msimamizi wa kikao dakika ya sita ili apishwe mhadhiri aliyechelewa ndege. Alikusanya karatasi zake akatoka. Hakurudi tena. Katika taarifa ya mwaka ule iliandikwa kwamba ushiriki wa wanawake bado ni changamoto.

Wanaotaka kujua chama kinavyoendeshwa wasiende kwenye semina za uongozi hotelini. Waende Alhamisi jioni wakaone VICOBA cha akina mama wa mtaani. Mtindo ule wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991, ukatufikia, nao akina mama wakaufanya wao. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, mwanzo wa kikao na mwisho wa kikao. Anayechelewa hulipa faini, hata kama ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti akilipa wenzake humcheka. Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa, kila mtu akapewa chake, na kikundi kikaamua upya kama kinaendelea au la. Mke wangu amekuwa mshika ufunguo kwa miaka mitatu. Mama mwenzake katika kikundi anauza mihogo na hajui kusoma, lakini anajua kwa kichwa kilichomo sandukuni hadi shilingi ya mwisho. Nani kati ya wasomi wetu anajua kilichomo katika akaunti ya chama chake?

Mwaka jana mwenyekiti wa kimojawapo cha vile vyama viwili vilivyobaki aliniandikia barua ya heshima sana, akiniomba niwe mlezi. Alinieleza kwamba jina langu litasaidia kuamsha wanachama. Nilimjibu kwa mkono wangu, ukurasa mmoja. Nilimwambia nitumiwe kwanza orodha ya wanachama, taarifa ya fedha ya miaka mitatu, na tarehe ya mkutano mkuu utakaofanyika asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya mgeni rasmi na kabla ya chai. Nilimwomba pia afungue lile kundi la simu watu waseme.

Hadi ninapoandika haya jibu halijafika. Ada yangu ya miaka mitatu, shilingi laki moja na hamsini elfu, nimeitia kwenye bahasha yenye jina la chama, imo katika kabati la vitabu nyuma ya kamusi. Mke wangu anajua ilipo.